Boila Kwanza: Kufufua Injini Ndogo ya Mvuke na Kuiendesha Hapa Nairobi

Injini yangu ya kwanza niliipata sokoni Gikomba, chini ya rundo la vitu vya watoto vya mitumba, imefungwa kwa kamba moja na lori la plastiki lisilo na magurudumu. Muuzaji alidhani ni jiko la kuchezea. Ilikuwa nzito kuliko umbo lake, kitako cha bati kimeshika kutu, gurudumu limeganda halisogei. Nilipoifuta masizi kwa kidole gumba, shaba ikachungulia, na pembeni yake kijisilinda kisichozidi urefu wa pingili ya kidole. Marehemu babu yangu alikuwa fayamani wa reli, mchochea moto wa injini ya treni, akikaa Muthurwa kwenye nyumba za wafanyakazi, na kila alipoeleza kazi yake alianza pale pale: "Kwanza maji, halafu moto." Mwongozo huu unafuata mpango huo. Boila ndiyo inayoamua kama injini itawashwa au itabaki pambo la kabatini. Rangi, kung'arisha, filimbi, hayo yote yanasubiri.

Kwa ambaye hajawahi kuiona ikifanya kazi: boila ni kopo la shaba lililofungwa pande zote. Chini yake unaweka moto mdogo, maji yanachemka, mvuke unapita kwenye kibomba hadi kwenye silinda na kusukuma pistoni, pistoni inazungusha krenki, krenki inazungusha gurudumu zito. Kwenye injini nyingi za kuchezea silinda yenyewe hupepesuka huku na huku kama mtoto kwenye bembea. Ikiegemea upande mmoja, tundu lake hukutana na tundu la mvuke unaoingia. Ikiegemea upande wa pili, hukutana na tundu la kutolea. Hakuna vali nyingine hapo. Ni ubunifu mwepesi sana, na ndio maana injini ya miaka sitini inaweza kuzunguka tena baada ya jioni mbili za kazi.

Jua umeshika nini

Geuza injini, tafuta jina kwenye kitako au kwenye kibandiko cha boila. Nyingi zilizopita mikononi mwangu zilikuwa Mamod, kiwanda alichoanzisha Geoffrey Malins mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 1937. Nyingine ni Wilesco za Lüdenscheid, Ujerumani. Kampuni hiyo ni ya mwaka 1912, lakini injini za mvuke ilianza kuzitengeneza 1950. Ukikutana na Bing au Märklin, nazo za Ujerumani, ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, weka bisibisi chini. Hizo ni mali ya kumbukumbu, na kila unachokisugua unaipunguzia thamani. Ifute vumbi, ihifadhi, utafute ushauri wa mtu anayezijua.

Kutambua jina kunakuepusha na makosa mawili. La kwanza ni nyuzi za skrubu. Mamod za zamani zina nyuzi za inchi, Wilesco zina nyuzi za milimita. Vali ya moja ukiilazimisha kwenye nyingine itaingia mizunguko miwili, ikwame, na utakuwa umeharibu mdomo wa boila. La pili linawahusu wenye Jensen za Marekani zinazopashwa kwa umeme. Zile zimeundwa kwa volti 120. Ukichomeka kwenye soketi yetu ya volti 240, kipashio kinavuta nguvu mara nne ya kiasi chake, na hapo hakuna kitakachobaki salama. Lazima utumie transfoma ya kushusha volti inayoweza kubeba wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Waya wa zamani wenye kitambaa au mpira uliopasuka uondolewe kabisa kabla hata ya kufikiria transfoma.

Kabla ya kufungua

Piga picha kwa simu kutoka kila upande. Nasema kila upande kwa sababu nimewahi kukaa usiku mzima nikitafuta kama springi moja ilikaa mbele ya washa (kile kipete bapa) au nyuma yake. Tafuta sahani ya bati au kifuniko cha sufuria, weka kila skrubu humo kwa utaratibu ulioitoa.

Jihadhari na mambo mawili ya enzi hizo. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na baadhi ya injini zilifungwa kwa kamba au vipande vya asbesto: kijivu-cheupe, vyenye nyuzinyuzi, vinavyochanika kama pamba kuukuu. Ukiona kitu kama hicho kwenye utambi, kwenye gasketi au chini ya boila, usikikwangue kikiwa kikavu. Kiloweshe kwa maji yenye sabuni, kitoe kikiwa kimelowa, kifunge kwenye mifuko miwili. Rangi nayo isisuguliwe kikavu mezani mnapolia chakula.

Kulegeza kilichoganda

Injini "iliyokufa" mara nyingi haijafa. Mafuta ya miaka mingi yamekauka yakawa kama gundi ya njano. Hapa watu wengi huvunja injini nzima: wanashika gurudumu kwa koleo na kulizungusha kwa nguvu, kipini cha krenki kinapinda, na kazi ya jioni moja inageuka kazi ya fundi wa leithi, mashine ya kuchonga chuma.

Dondosha mafuta mepesi ya kupenya kutu, au mafuta ya taa kidogo, kwenye mhimili wa gurudumu, kwenye kipini cha krenki na kwenye mdomo wa silinda. Acha hadi kesho. Kesho jaribu kwa vidole viwili tu. Haisogei? Rudia, subiri siku nyingine. Unaweza kupasha silinda kwa maji ya moto kwenye kitambaa, maana shaba hutanuka kidogo na ile gundi hulainika. Injini yangu ya Gikomba ilichukua siku nne. Siku ya nne gurudumu lilisogea upana wa ukucha, likatoa sauti ndogo kama ya mlango wa kabati, halafu likazunguka. Nilimwita mke wangu jikoni aje aone.

Ikishalegea, fungua silinda. Kwa kawaida imeshikwa na springi na nati ndogo kwa nyuma. Osha kila kipande kwa mafuta ya taa na mswaki mzee, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Boila

Hapa tutakaa kidogo.

Shika boila dhidi ya mwanga. Tazama miisho yake miwili, pale vifuniko vilipounganishwa na mwili. Unatafuta ufa, kidonda cha kijani, au mstari wa risasi ya kulehemia uliojikunja kama nta iliyoyeyuka. Hiyo nta ni dalili kwamba mtu aliwahi kuichemsha hadi ikakauka. Boila nyingi za kuchezea zimelehemiwa kwa risasi laini, mchanganyiko wa bati na risasi unaoyeyuka karibu na digrii 183 hadi 190. Moto wa spiriti ni mkali kuliko hapo mara kadhaa. Kinachoizuia isiachane ni maji yaliyomo ndani, yanayobeba joto na kulipeleka kwenye mvuke. Maji yakiisha, shaba inapanda joto kwa sekunde, na kiungo kinafunguka.

Hili nalijua kwa uchungu. Injini ya pili niliyoifufua, Mamod yenye boila nzuri kabisa, niliiwasha nikaitikia simu barandani. Niliporudi gurudumu lilikuwa limesimama na kifuniko cha nyuma kimening'inia. Niliipeleka Kamukunji kwa fundi mmoja anayeunganisha mabomba ya shaba. Aliigeuza mikononi, akanitazama, akasema, "Mwalimu, hii nikiipiga gesi, upande ule mzima nao utaachia. Nitatumia chuma cha kulehemia, taratibu, na wewe utasubiri." Nilisubiri saa mbili. Alisugua kiungo hadi shaba ikang'aa, akapaka dawa ya kulehemia, akapaka risasi kwanza upande mmoja, kisha wa pili, ndipo akaviunganisha huku mwisho mwingine umezungushiwa kitambaa kilicholoa maji ili usipate joto. Huo ndio utaratibu sahihi. Fundi akikuonyesha bomba la gesi kwa boila ya risasi laini, mshukuru na uondoke nayo.

Jambo moja nisilolegeza kamwe: usizibe boila kwa gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Inashika ikiwa baridi, halafu inalainika kwa joto na kuachia wakati presha imo ndani. Ukikuta boila imezibwa hivyo, ikwangue yote, ilehemiwe upya, au iache iwe pambo.

Kusafisha ndani: jaza siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya vuguvugu, tikisa, acha saa moja, mwaga, tazama kinachotoka. Magamba meupe ni chokaa ya maji. Rudia hadi yatoke maji safi, kisha suuza mara tano au sita. Usilaze boila kwenye siki usiku kucha. Asidi hutoa zinki kwenye shaba ya manjano, na sehemu iliyopoteza zinki hubadilika rangi ikawa ya waridi. Waridi hilo likiwa doa dogo juu juu, sugua uone kama linatoka. Likiwa limeenea na shaba inabonyea kwa ukucha, boila hiyo imekwisha.

Sasa jaribio la maji baridi. Hili lifanyike kwa kila injini ya zamani, hata ile iliyotoka kwa mtu unayemwamini.

Toa vali ya usalama. Mahali pake utahitaji kiunganishi. Changu nilichongewa na fundi wa leithi: upande mmoja una nyuzi za vali ya injini, upande wa pili amelehemu mdomo wa vali ya tyubu ya baiskeli. Ziba filimbi na tundu la kupimia maji. Tundu la mvuke linaloelekea kwenye silinda lizibe kwa kipande cha mpira kilichobanwa na klampu ndogo. Jaza boila maji baridi hadi yafurike na kusiwe na hewa hata kidogo. Inamishe na uigonge polepole ili mapovu yatoke. Funga kiunganishi, unganisha pampu ya baiskeli yenye saa ya presha, vaa miwani, ukapampu taratibu.

Mamod nyingi hufanya kazi karibu na bar 1 (bar ni kipimo cha presha), Wilesco nyingi bar 1.5. Jaribu kwa mara mbili ya kiasi cha kazi: bar 2 kwa ya kwanza, bar 3 kwa ya pili. Shikilia dakika kumi. Zungusha kidole kwenye viungo vyote. Ikitoa jasho mahali, weka alama kwa kalamu, shusha presha, ilehemiwe, urudie. Sababu ya kutumia maji ni kwamba maji hayabanwi. Boila ikiachia yakiwa ndani, utapata tone na aibu ya meza iliyolowa. Hewa au mvuke uliobanwa huhifadhi nguvu kama springi, na boila ikiachia hapo inarusha vipande. Kwa hiyo usijaribu boila kwa hewa tupu, na usijaribu kwa kuiwashia moto "uone kama inavuja."

Vali ya usalama

Ni kijipini chenye springi, kimekaa juu ya mdomo wa boila. Presha ikizidi, springi inakubali, mvuke unatoka. Vali iliyoganda inageuza kifaa cha kuchezea kuwa hatari, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya injini ambayo sioni haya kuitupa na kuagiza mpya. Ukitaka kuendelea na ile ya zamani, iloweke kwenye siki dakika chache, suuza, hakikisha kipini kinapanda na kushuka kwa urahisi ukikivuta kwa koleo. Usikaze springi, usiikate, usiweke ya kalamu ya wino. Chini ya vali kuna washa. Ya zamani ikiwa imekauka, weka oringi (kipete cha kuzuia uvujaji) ya silikoni au ya viton, mpira unaostahimili joto, kutoka kwa wauza spea wa Kirinyaga Road. Mpira wa kawaida utageuka biskuti baada ya mara mbili tatu.

Silinda na uso wake

Siri ya injini inayokwenda na inayogoma iko kwenye nyuso mbili bapa: ubavu wa silinda na ubavu wa kibao inachoegemea. Zikiwa na mikwaruzo, mvuke unavuja pembeni kabla haujasukuma pistoni. Weka kioo bapa mezani, juu yake msasa wa maji namba 1000, dondosha mafuta kidogo. Lalisha uso wa silinda, uzungushe kwa umbo la nane, bila kukandamiza, mara kumi. Futa, tazama. Utaona sehemu zilizoguswa zinang'aa na mabonde yamebaki meusi. Endelea hadi rangi iwe moja, malizia kwa namba 2000. Osha sana. Chembe moja ya msasa ikibaki ndani ya tundu, itakuchonga mikwaruzo mipya siku ya kwanza.

Unapoirudisha, springi ya nyuma ya silinda ikazwe kiasi cha kuishika silinda bapa na bado gurudumu lizunguke likisukumwa kwa kidole. Ukikaza mno, msuguano unaimaliza nguvu. Ukilegeza mno, silinda inainuka na mvuke wote unatokea hapo.

Pistoni iliyolegea kidogo isikutie wasiwasi, mafuta mazito huziba nafasi. Ikiwa imelegea sana hadi unaisikia ikigonga, mafundi wengine huzungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye mfereji wa pistoni, kama upo. Nimefanya hivyo kwenye Wilesco moja na bado inaendelea vizuri.

Rangi

Ushauri wangu ni mfupi: kama rangi ya kiwandani imebaki hata nusu, iache. Ifute kwa maji ya sabuni, ipake nta. Ukilazimika kupaka, sehemu iliyo karibu na moto ipate rangi ya kustahimili joto, ile ya kupaka ekzosi, na kitako kichanganyiwe rangi na wale wanaochanganya rangi za magari. Peleka kipande wakilinganishe. Boila usiipake rangi.

Maji, moto, mafuta

Maji bora hapa kwetu ni ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa, yasiyopita kwenye bati lenye kutu. Ya pili ni maji yaliyotoneshwa, yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri. Soma chupa mara mbili: pembeni yake huwekwa asidi ya betri, na kwa mtu mwenye haraka zinafanana. Maji ya mfereji yakichemshwa na kuchujwa yanafaa kwa dharura. Maji ya visima virefu vya mtaani yana chumvichumvi nyingi, usiyatumie.

Kuhusu urefu wa mji wetu, nimeulizwa mara nyingi kama injini itakuwa dhaifu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji katika sufuria wazi huchemka karibu digrii 94. Boila iliyofungwa inapofika bar 1 juu ya hewa ya nje, maji yake hapa huwa karibu digrii 117. Mombasa yangekuwa 120. Tofauti ya presha kati ya ndani na nje ni ile ile, na hiyo ndiyo inayosukuma pistoni. Kwa hiyo injini itakwenda sawa, na mvuke utaukuta mapema kidogo.

Moto: Mamod za awali zilitumia spiriti kwenye taa ya tambi, za baadaye zilitumia vidonge vya mafuta makavu kwenye kisahani. Vidonge ni vigumu kuvipata hapa, kwa hiyo wengi wetu tunarudi kwenye spiriti ya kuchomea. Tambi za stovu ya mafuta ya taa zinafanya kazi safi sana: kata vipande vifupi, vijaze kwenye mirija ya taa bila kuvibana, vichomoze milimita tatu hivi. Usitumie mafuta ya taa yenyewe kwenye moto huu, masizi yataifunika boila. Petroli isitajwe kabisa. Jeli ya kupashia vyakula vya karamu niliijaribu. Moto wake ni mpole, maji yalichemka lakini gurudumu halikushika mwendo.

Spiriti ni sumu ikinywewa, na moto wake hauonekani juani. Mjukuu wangu aliwahi kunyoosha mkono kuchukua taa aliyodhani imezimika, na shangazi yake akamvuta kwa bahati tu. Tangu siku hiyo nawasha kivulini, na chupa ya spiriti ina kibandiko kikubwa na inakaa chumba kingine. Usiiweke kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja. Usiongeze spiriti kwenye taa iliyo moto.

Mafuta ya silinda yawe mazito, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mvuke. Tafuta namba 460, kipimo cha uzito wake. Mafuta ya cherehani yanafaa kwenye mihimili ya gurudumu, lakini ndani ya silinda yanaoshwa na mvuke kwa dakika moja. Mafuta ya giaboksi yenye dawa ya salfa hushambulia shaba, yaepuke.

Siku ya kuwasha

Chagua baraza au uwanja uliokingwa upepo. Weka injini juu ya kigae au sinia la chuma. Ndoo ya maji na kitambaa kilicholoa viwe karibu. Watoto wakae upande wa gurudumu, umbali wa mikono miwili, wasikae kwenye mwisho wa boila.

Jaza boila robo tatu. Kwenye Mamod zenye skrubu ndogo ya kupimia ubavuni, itoe, jaza kupitia mdomo wa vali hadi maji yachungulie kwenye lile tundu, kisha uifunge. Nafasi iliyobaki juu ni ya mvuke. Ukijaza hadi juu, silinda itatema maji. Ukitumia maji ya moto kutoka kwenye birika unaokoa spiriti. Paka mafuta mazito kwenye pistoni na kwenye uso wa silinda, mepesi kwenye mihimili.

Sasa kanuni ya babu, kwa mpangilio wake: maji yako tayari, ndipo moto. Pima spiriti ili iishe kabla ya maji. Mara ya kwanza weka kidogo, mwishoni ngoja boila ipoe, pima maji yaliyobaki, ndipo ujue kiasi cha kuongeza mara nyingine. Andika kipimo hicho kwenye karatasi ukibandike chini ya kitako.

Baada ya dakika chache utasikia boila ikinong'ona. Vuta kipini cha vali kidogo kwa koleo: mvuke ukifoka, vali iko hai. Usipofoka kabisa huku boila inachemka, zima moto. Kisha zungusha gurudumu kwa kidole. Mara ya kwanza silinda itatema maji ya moto na mafuta, kwa sababu shaba bado ni baridi na mvuke unageuka maji humo ndani. Usikate tamaa, endelea kuzungusha, mara kumi, kumi na tano. Ghafla kidole chako hakihitajiki.

Kama haiendi: jaribu upande wa pili wa mzunguko. Kama mvuke unatoka ubavuni mwa silinda, springi imelegea au nyuso bado zina mabonde. Kama inakwenda hatua tatu na kusimama, presha ni ndogo au kuna mahali pamekazwa mno. Mengi ya haya hurekebishwa moto ukiwa umezimwa, na ni lazima uwe umezimwa.

Ikikaa mwendo, ipe kazi, injini bila kazi hukimbia ikajichakaza. Mimi nimeifungia mota ndogo ya redio ya kaseti iliyokufa, kwa mkanda wa mpira, na mota hiyo ikizungushwa inawasha taa moja ndogo nyekundu ya LED. Mtoto akiona ile taa, maswali yote ya umeme unatoka wapi yanajijibu mezani. Baada ya hapo mpeleke kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, akasimame mbele ya Mount Gelai, injini ya treni ya mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, iliyoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester. Tani 252, ikichoma mafuta mazito. Mwonyeshe bomba la kioo la kupimia maji ndani ya chumba cha dereva. Atalitambua.

Kuzima na kuhifadhi

Moto ukiisha, acha gurudumu limalize presha lenyewe. Usiongeze maji kwenye boila iliyo moto ili uendelee. Maji yakikutana na shaba iliyokauka hugeuka mvuke kwa mara moja. Ngoja hadi uweze kuishika boila kwa kiganja, lakini ingali vuguvugu, ndipo ufungue vali kwa kitambaa. Ukiiacha ipoe kabisa ikiwa imefungwa, ndani kunabaki utupu unaovuta mafuta ya silinda kurudi kwenye boila, na mafuta hayo hufanya maji yatoe povu safari ijayo.

Mwaga maji, futa silinda, paka mafuta upya, geuza boila mdomo chini juu ya gazeti hadi asubuhi. Ukiamka, litazame gazeti. Doa la maji matupu ni sawa, funga vali na uiweke kabatini. Doa la kijani au chembe nyeupe zina maana kwamba bado kuna chokaa au kutu ya shaba ndani: rudi kwenye siki, kisha kwenye jaribio la maji baridi, kabla hujagusa kiberiti.